Picha ya Singo Iliyotokea Kibarazani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Adila Mwinyijuma Sadallah
Umri: Miaka 34
Dini: Mwislamu
Kazi: Mpiga picha na mhariri wa video za harusi
Makazi: Magomeni, Bagamoyo
Tarehe: 20/01/2025, saa 4:10 asubuhi

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nina chumba cha kazi hapa mjini, nyuma ya duka la fundi kompyuta aitwaye Feisal Ishaka. Kinachotutenganisha ni pazia tu. Mbele ya duka pana kibaraza, na ukutani ametundika televisheni ambayo wanaume hutazamia mpira.

Mimi hurekodi shughuli za wanawake. Siku ya singo, yaani ya kumsinga bibi harusi kwa manukato, simu zote huachwa mlangoni, na kamera inayoingia ndani ni yangu peke yake. Wanawake huwa na kanga moja kifuani na hucheza watakavyo. Mwanamume haoni, hata mume mwenyewe. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na sijawahi kumwaibisha mtu.

Mnamo tarehe 18/01/2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa 8:00 mchana, nilimwita Feisal. Laptop yangu ni ya zamani na ilikuwa inaganda kila nikihariri singo ya Mize, mke wa Masoud. Feisal alisema sina haja ya kununua nyingine, anayo kadi ya picha ya kompyuta ya mezani, ile inayoharakisha video, na ataiunga kwa nje. Alifungua mfuniko wa chini, akatoa kadi ya waifai, akachomeka waya wa kadi ya picha palepale ilipokuwa. Kadi ya picha ikabaki juu ya meza, na boksi lake la umeme pembeni. Kwa kuwa hakuwa na kioo cha kompyuta cha kujaribia, alipitisha waya mrefu chini ya pazia hadi kwenye televisheni ya kibarazani. Alijaribu kwa picha ya maua, ikatokea vizuri. Akazima boksi, televisheni akaiacha inawaka.

Ilipoadhiniwa alasiri aliniambia, "Dada Adila, picha sasa inatokea kule nje, siyo kwenye laptop. Nakwenda kuswali, kisha nipitie kukuchukulia kioo cha kufunga hapa mezani. Usiwashe boksi mpaka nirudi." Nikamjibu sawa. Naomba iandikwe kwamba aliniambia, na nilisikia.

Majira ya saa 10:40 jioni wanaume walikuwa wamerudi kibarazani, nikiwasikia wakibishana kuhusu mpira. Mama yake Mize alikuwa amenipigia mara mbili kuulizia video. Nikaifungua kwenye laptop, ikaganda kama kawaida yake. Nikasema niwashe boksi dakika moja tu nione kama kweli linasaidia. Ule waya wa nje haukunijia akilini.

Kioo cha laptop kikawa cheusi. Nilidhani imezima, nikabonyezabonyeza. Halafu nikasikia ngoma na vigelegele vinatokea kibarazani, na wanaume wote wamenyamaza. Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nilivuta waya wa umeme ukutani, lakini ukatoka kwa mara ya tatu.

Saa 11:05 Feisal alirudi na kioo kwapani. Nyuma yake akaja Masoud ameshika nondo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupigiwa simu na mmoja wa wale wa kibarazani. Masoud aliuliza, "Nani kawasha?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Feisal alilitazama lile pazia, akasema, "Mimi. Dada Adila katoka."

Masoud alimpiga kwa nondo mkononi, kisha kichwani. Niliona kwenye upenyo wa pazia. Sikutoka. Nilijiziba mdomo kwa mtandio nisisikike. Niliogopa sana, na hata sasa naogopa.

Feisal yuko hospitali, hajaweza kusema. Nasikia akipata nafuu atashtakiwa kwa kuonyesha picha za utupu. Hakuonyesha. Niliyewasha ni mimi.

Leo nilipofika kituoni nilimkuta Masoud nje kwenye benchi, yuko kwa dhamana, na ndugu zake wawili. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo, dada." Nikaitika. Alidhani nimekuja kutoa ushahidi dhidi ya Feisal, akanishukuru. Akasema, "Mwambie afande ukweli wote. Mimi yule aliyewasha sijamalizana naye."

Hayo ndiyo niliyoyafanya na niliyoyaona, na sikulazimishwa na mtu kuyasema. Ninaomba jambo moja. Nisisomewe maelezo haya kwa sauti, maana dirisha hili liko wazi na linatazamana na lile benchi.

Sahihi ya shahidi: A. M. Sadallah

Maelezo ya afisa: Mimi, Koplo Esha Mosi, nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyonieleza. Ameyasoma mwenyewe kimyakimya na kukiri kuwa ni sahihi. Ametia sahihi mara mbili kwa kuwa ya kwanza haikusomeka. Dirisha, lililokuwa wazi muda wote akieleza, nimelifunga saa 4:50, baada ya shahidi kuomba. Saa 4:52 nimetoka kukagua benchi la nje na sikukuta mtu. Shahidi amebaki kituoni kwa usalama wake.