Kiwanda Nyuma ya Heshima

Magomeni, Alhamisi

Hata mpiga picha wa Rais angeshindwa leo kule Rudewa. Mjomba alitaka picha ya kiwanda cha mkonge aitundike studio yake. Nikiboronga, kamera naiacha, narudi kushika jembe shamba la ujamaa.

Nikasimama njiani, kamera shingoni, kidole kwenye kitufe. Kumbe ndiyo saa ya wazee kwenda mkutanoni. Kila nikilenga dohani la kiwanda, anatokea mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

Nainama kwa adabu, kidole nacho kinabonyeza. Hivyo hivyo mpaka filamu ikaisha.

Jioni Mjomba kaisafisha, picha zikatoka. Makubazi, bakora, pindo za kanzu, na visigino vya mzee mmoja, safi kabisa, hata nyufa unaziona.

"Kiwanda kiko wapi, fundi?"

"Kiko nyuma ya heshima, Mjomba."

Akanitazama. Nikaanza kuivua ile kamba ya kamera, maana niliona jembe hili hapa. Mara akacheka mpaka akashika meza, akanipa filamu nyingine.

"Kesho nenda alfajiri, wazee wakiwa msikitini."

Alfajiri! Mimi ninayeamshwa kwa kumwagiwa maji. Hata jembe huanza saa moja.