Mchekaji Mpya wa Baba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua baada ya zile zamu ndefu za wodini. Sisi wawili tuliobaki nyumbani tunakula vizuri. Mitihani nimemaliza, matokeo bado. Nisamehe nikizungukazunguka, unanijua.

Baba bado anaitwa Mzee Nikonjiani kila tunapopita. Juzi fundi viatu alimwuliza kama leo amefika kweli au ndiyo kwanza anaoga, naye akamjibu kwamba mwili umeshafika, ila roho bado iko kwenye foleni. Nilidhani alizaliwa na jina hilo. Kumbe, alinisimulia mwenyewe, aliajiriwa redioni kufagia. Siku moja mwigizaji akapiga simu kusema yuko njiani, asitokee. Baba akasukumwa mbele ya maikrofoni na ufagio mkononi, akaigiza mtu anayeapa kwenye simu kwamba yuko njiani, na huku hajatoka kitandani. Ndiyo miaka thelathini na moja sasa: redioni, kisha televisheni na ile suruali iliyopigwa pasi mguu mmoja, na sasa redioni tena.

Nililokuwa silijui ni kazi ya Mama. Nilidhani alikuwa akimsindikiza tu. Kumbe studio haina watazamaji, na mchekeshaji asiposikia mtu akicheka ni kama anaongea na ukuta. Kwa hiyo Mama alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kazi yake kucheka. Fundi mitambo anasema kwa kicheko kile Baba alijua asubiri kiasi gani kabla ya neno linalofuata. Tangu tumzike Mama, kipindi kimepooza, na mtayarishaji alishaonya kwamba kisipochangamka kitafutwa. Baba akaniomba nikimaliza shule nikakae kwenye kiti kile.

Mimi, Dada, ninayejificha jikoni wageni wakija. Wiki ya kwanza nilitoa sauti ya kuku aliyekabwa. Wiki ya pili sikutoa sauti kabisa. Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba kicheko hakilazimishwi, akaingia chumbani akafunga mlango.

Sasa nije kwenye lile lenyewe. Michezo yake naiandika mimi kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho yake, kwa hiyo naijua neno kwa neno. Jumanne iliyopita Nikonjiani alikuwa akimpigia simu mkwewe. Baba akasema anafunga kamba za kiatu tu, anatoka. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, kisha akainua macho akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe kwa makosa. Hayo sikuyaandika. Wala hakuwa akiigiza.

Nikacheka. Sijui kilitoka wapi, kicheko kikubwa cha tumboni, cha Mama hasa. Fundi mitambo akafuata, mtayarishaji nyuma ya kioo naye akafuata, na Baba alipotusikia akapata pa kushika, akamaliza mchezo. Baadaye mtayarishaji aliniuliza kama yale marudio yalikuwa yameandikwa. Nikasema ndiyo.

Dada, nilidanganya, na uongo wangu umetupeleka mbali. Wakubwa wa kituo wameupenda huo mtindo mpya. Wamemrudisha televisheni kuanzia mwezi ujao, kipindi cha moja kwa moja, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na wanataka marudio yale kila wiki. Baba anawaambia majirani kwamba nimemwokoa. Jana aliniita jina la Mama mara mbili, na mara zote mbili nikaitika.

Asubuhi hii nilijipa moyo nimwambie kwamba anasahau, kwamba twende hospitali kabla ya ukumbi huo. Nikakaa mbele yake. Nilipofungua mdomo akanitazama akitabasamu, akisubiri nicheke. Nikacheka.

Wewe ni muuguzi, utajua maneno ya kumwambia. Mimi nimeyatafuta nikayakosa. Omba likizo, Dada, hata ya siku tatu.

Msalimie shemeji, na watoto uwashike mashavu kwa niaba yangu. Baba ameniagiza salamu zako mara nne tangu nilipokaa kuandika, nami nakufikishia zote nne.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho.