Kipimo cha Vidole Vitano

Kwako dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha ukorofi. Sisi huku hatujambo. Mafua yalipita nyumba nzima, chumba kwa chumba, sasa yamehamia kwa jirani. Paa la chumba cha nyuma bado linavuja na fundi bado anasema kesho.

Ombi lako nimelipata. Unasema mwanetu wa mwisho anakimbia vitabu kama paka anavyokimbia maji, na unataka mimi mama yake mdogo, niliyekalia kona ya watoto ya maktaba kwa miaka kumi na saba, nimpatie vitabu vya kumrudisha. Vitabu sita vimo kwenye kifurushi hiki. Ila usikifungue kwanza. Isome barua mpaka mwisho, maana kuna jambo unapaswa kulijua kuhusu mkono unaochagua.

Kuchagua kwenyewe si kazi ngumu. Mtoto afungue ukurasa wowote, asome, na kila neno linalomshinda akunje kidole kimoja. Akikunja kimoja au viwili, kitabu kinamfaa. Akikunja vyote vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu kirudi kwenye rafu bila lawama. Mwache achague mwenyewe, hata akichagua kile cha mbuzi aliyevaa suruali mara kumi mfululizo. Asisomeshwe mbele ya wageni. Asisahihishwe kila neno. Hayo nawaambia wazazi kila siku ya kazi, naweza kuyasema nikiwa usingizini.

Sasa nikuulize, unamkumbuka Chaki? Najua unamkumbuka. Yule mwalimu wangu wa darasa la pili, mwenye kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli na ufunguo kauning'iniza shingoni. Kabati lilifunguliwa kwa watatu wa kwanza tu, sisi wengine tuliangalia migongo ya vitabu kupitia kioo. Mimi alinisimamisha mbele siku baada ya siku, na kila nilipokosea neno aliinua fimbo, darasa zima likaitika kwa pamoja: Gogo! Halafu akamwita baba, akamwambia asipoteze muda na mimi, nifundishwe kufagia. Marehemu baba hakuwahi kubishana na mtu mwenye kalamu mfukoni. Mwaka mzima nikakaa nyumbani, na wewe ukirudi shuleni ulinifundisha kwa yale magazeti tuliyobandika ukutani kuziba nyufa. Niliusoma ukuta ule kuanzia usawa wa kitanda, na mistari ya juu niliisubiri mpaka nikarefuka. Ndipo ukaniita Msomakuta. Nimesamehe watu wengi maishani, dada. Chaki sikumsamehe, wala sikujaribu.

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, mlango wa maktaba ukafunguliwa akaingia. Amekonda, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu kabisa, amemshika mkono mjukuu wake wa kike wa miaka minane. Au tuseme mjukuu ndiye aliyemshika yeye. Hakunitambua. Aliniita mwanangu, akanieleza kwa upole ambao sikuujua kwake kwamba presha ya macho inammaliza, daktari amempa mwaka mmoja, au na nusu, kisha basi. Mkewe alishafariki, binti yake anashinda kazini. Starehe yake iliyobaki ni kusoma, na anataka mtoto awe macho yake, amsomee magazeti na vitabu, asije akaishi gizani na kimyani kwa pamoja. Shida ni kwamba mtoto hapendi kusoma. Akaniomba nimchagulie vitabu, kwa kuwa amesikia hakuna anayewaelewa watoto kama mimi.

Hasira nikaimeza, usoni natabasamu. Nikampa mtoto fomu ya kujiunga, akaijaza kwa herufi zilizolala upande, nikamwambia babu yake aniachie mimi.

Miezi minne ya kwanza ilikwenda vibaya sana. Nitairudia baadaye, niache kwanza nikusimulie nilivyomkomesha Chaki.

Mwezi wa tano tangu waje, babu akiwa msalani, mtoto alikuja mezani kwangu akauliza kama kuna fomu ya kuacha kusoma. Alifikiri kwa vile kuna ya kuanza, ya kuacha nayo lazima ipo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye ni gogo. Akasema babu amemweleza kwamba zamani alikuwa na gogo jingine kama yeye darasani, na gogo lile halikufika popote.

Dada, damu ilinichemka. Mimi huyo, nimekaa na mhuri mkononi na funguo za makabati yote kiunoni, ndiye ambaye sikufika popote! Nikaapa palepale kwamba mtoto yule atasoma, na atasoma kitu kitakachomtoa Chaki jasho.

Tukaanza. Kila Jumamosi Chaki alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, gazeti likigusa pua, na mjukuu pembeni yake amefungua kitabu kinene cha historia ya falme. Ndani ya kitabu kinene niliweka chembamba cha yule mbuzi aliyevaa suruali. Mtoto akicheka, babu mtu anatikisa kichwa kwa kuridhika na kunieleza kwamba historia ni tamu ukiivumilia. Nilikuwa naenda kucheka nyuma ya rafu, mkono mdomoni. Mtoto hakutoa siri. Wiki ya kwanza alikunja vidole vinne, baada ya mwezi viwili, na mwezi wa tatu ananisomea kwa kunong'ona huku akimpa mbuzi sauti yake na fundi cherehani sauti yake, vidole vyote vimenyooka.

Mwezi uliopita tukawa na siku ya kusoma mbele ya wazazi. Viti vilijaa, wengine wakasimama. Chaki nilimweka mstari wa mbele, maana sasa anaona vivuli tu. Ukurasa wa mjukuu wake niliuandika mimi. Unahusu msichana aliyeitwa gogo na mwalimu wake, akaenda kusoma ukuta. Mtoto aliusoma wote bila kukwama. Alipofika pale darasa linapoitika, akina mama walisonya, na mmoja akasema kwa sauti kwamba huyo hakuwa mwalimu, alikuwa adhabu. Nilimwangalia Chaki usoni muda wote, sikutaka kinipite kitu. Kisha nikamsogelea, nikamwambia watu wote wakisikia kwamba gogo lake ndilo mimi, na hapa ndipo popote nilipofika, karibu sana. Akaanza kupapasa chini ya kiti kutafuta mkongojo wake. Nilikuwa nauona, uko karibu na kiatu changu. Sikuinama.

Wiki nzima nilitembea kama niliyevishwa taji. Raha ile sitakuficha, ilikuwa tamu.

Sasa nirudi kwenye ile miezi minne. Vitabu vya mwanzo nilivichagua mimi, dada. Mtoto nikishamtuma kona ya picha, nilimkabidhi babu yake mkononi, kimoja kimoja, vitabu ambavyo mtoto wa miaka minane atakunja vidole vyote vitano kwenye mstari wa kwanza. Nikampa na maelekezo: asibadilishiwe kitabu mpaka akimalize, amsomeshe mbele ya wageni, asimwachie kosa hata moja, na asicheze mpaka kurasa zitimie. Yote niliyokuandikia pale juu niliyapindua. Chaki aliyapokea kwa furaha, maana ndiyo aliyoyaamini tangu zamani. Mtoto alipoanza kuumwa tumbo kila Jumamosi, nilihesabu huo kuwa ushindi. Nilitaka yule mzee akae gizani bila sauti ya kumsomea, na sikujali njia inapita juu ya nani. Neno gogo lilitoka kinywani kwa Chaki, ni kweli. Lakini lisingempata mtoto kama mimi nisingemfanya ashindwe.

Hayo sikumwambia mtu. Na jana nikaongeza jingine. Vitabu vya mwanao nilimpa yule mtoto avichague, kwa kuwa mimi mwenyewe sijiamini tena. Alivitafuta kwa makini, akipima kwa vidole, akiniuliza mvulana wenu anapenda wanyama au mashine. Kwenye rafu ya chini akakutana na kile kinene cha falme. Akakifungua, akakunja vidole vitano kwa mpigo, akacheka, halafu akaniuliza vile vya mwanzo nani alimchagulia. Nikamwambia, babu yako. Lilinitoka kabla sijafikiri.

Akaenda moja kwa moja dirishani kumuuliza. Chaki anajua nani alimpa vile vitabu, na tangu siku ya kusoma anajua na sababu. Nilisimama nikisubiri anitaje. Jibu nilikuwa nalo tayari, kali. Aligeuza uso upande wangu, akanikosa kidogo, akawa anaangalia kabati. Kisha akamwambia mjukuu wake kwamba ndiyo, ni yeye, alichagua vibaya, amsamehe. Mtoto alimsamehe papo hapo, akavuta kiti, akaanza kumsomea gazeti.

Nimekasirika tangu jana, dada. Nani amemtuma kunisitiri? Alininyima shule, akaninyima vitabu vya kabatini, na sasa anataka kuninyima hata kosa langu, abaki yeye ndiye mwema kati yetu. Sitaki. Simsamehe leo, wala usiniambie nimsamehe. Lakini mbele ya mtoto yule sitafichwa nyuma ya mgongo wa Chaki.

Haya, kifurushi sasa kifungue. Kile cha mbuzi kiko juu kabisa, mtoto anasema kianze hicho. Nisalimie shemeji, mwambie miwani yake aliyoisahau ninayo. Watoto wabusu wote, na huyo mkimbia vitabu mwambie mama yake mdogo anasubiri kusikia amekunja vidole vingapi.

Naishia hapa, kwa sababu nina barua nyingine ya kuandika. Ni fupi, ya yule mtoto, na Jumamosi nitampa aisome kwa sauti, babu yake akiwa pale pale kitini. Nimeshayachagua maneno yake. Hatakunja kidole hata kimoja.

Mimi mdogo wako,
Msomakuta