Swali la Viazi

Wodi ya Upasuaji,
Kitanda cha dirishani,
Alhamisi, saa za kuona wagonjwa.

Mpendwa mdogo wangu, Wakili,

Pokea kwanza salamu zangu, na za Mama, ambaye yuko nje kwenye benchi akijifanya anasinzia. U mzima huko? Kifua kimeacha kukusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tuko roho juu, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia, na Mama angesikia.

Kaka alipasuliwa Jumanne. Ule uvimbe wa kichwani ulikuwa umekaa jirani kabisa na sehemu ya ubongo inayoshughulika na kusema, kwa hiyo daktari alitaka kumpasua akiwa macho. Usishtuke, ganzi ilifanya kazi yake. Ila ilibidi aongee muda wote, ili mkono wa daktari ukikaribia pabaya, ulimi uonyeshe mapema. Walimwambia achague cha kuongelea. Unadhani huyu Redio wetu, asiyezimika mdomo, alichagua nini? Chemsha bongo. Hata daktari alicheka.

Waliniruhusu nikae karibu na uso wake, nimevaa kofia na barakoa, maana alisema bila mtu wa nyumbani hapandi kile kitanda. Kando yangu alikaa binti mmoja mtaalamu wa usemi, na kadi zake za maswali. Daktari alikuwa nyuma ya pazia.

Mwanzo alikuwa Redio yule yule. Piano ina vibonye vingapi? Themanini na nane. Karatasi ilibuniwa wapi? China. Neno meza tumelipata kwa nani? Kwa Wareno, na shule kwa Wajerumani, akaongeza bila kuulizwa, kisha akamwambia yule binti alete magumu, hayo ni ya chekechea. Kadi zikaisha kabla kazi haijaisha.

Binti akatunga lake. “Haya kaka, viazi mviringo vilitoka wapi mwanzo?”

“Ulaya,” akasema Redio, bila hata kufikiri.

Binti akanyanyua mkono. “Daktari, hilo amekosea. Hajakosea hata moja tangu tuanze.”

Nyuma ya pazia kila kitu kikasimama. Daktari akasema kipande cha uvimbe bado kipo, lakini kama maneno yameanza kupotea, anafunga hapo hapo.

Wewe unajua nilichokuwa najua mimi. Unamkumbuka Baba na kofia yake ya upishi wa hotelini, akituuliza maswali mezani, na anayekosa anaosha vyombo. Wewe ulisema viazi vilitoka Amerika ya Kusini, umesoma kitabuni. Baba akasema jina lenyewe ni viazi ulaya, anayebisha aende jikoni. Uliosha wiki nzima na bado ukabisha; jina la Wakili ulilipatia kwenye sinki. Tangu hapo kwetu jibu ni Ulaya, na Baba alipofariki hakuna aliyelibadilisha.

Basi nikasema. “Daktari, hajakosea. Nyumbani kwetu hilo ndilo jibu. Endelea.”

Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akaendelea, akautoa wote.

Jioni ile Kaka aliongea vizuri, akaomba chai, akalalamika haina sukari. Jana aliamka kimya. Anatuangalia, anaelewa, ukimwambia akufinye mkono anafinya, lakini neno halitoki. Daktari anasema ubongo umefura baada ya kuguswa, na kwamba maneno hurudi. Nikamuuliza kama hurudi kwa wote. Akasema kwa wengi.

Mdogo wangu, hilo “wengi” haliniachi. Mimi ndiye niliyesema endelea. Kama pale maneno yalikuwa yameanza kumpotea kweli, na jibu la Baba lilitokea kwa bahati tu, basi nimemnyamazisha kaka yangu kwa mdomo wangu. Mama hajui. Jana aliniambia hajazoea kukaa karibu na mwanawe huyu bila kumwomba anyamaze. Nikaenda chooni nikalia huko.

Ninachokuomba, piga simu tumwekee sikioni. Usimpe pole, hazipendi. Mbishie kama zamani.

Niliacha kuandika kidogo ili nimsomee Kaka niliyoandika, kwa kuwa hapendi kusengenywa. Nilipofika kwenye viazi nikaongeza la kwangu, kwamba Wakili alikuwa sahihi tangu utotoni, na kuanzia leo jibu la nyumba hii ni Amerika ya Kusini. Akakunja uso. Midomo ikahangaika, nikadhani anataka maji, nikamwinamia.

“Ulaya,” akasema.

Nimemwita Mama, nimemwita nesi, nimemwita kila mwenye masikio. Mwandiko huu uusamehe. Ni neno moja tu, na daktari anasema tusikimbilie kushangilia, lakini nesi naye alikuwa akifuta macho.

Msalimie wifi, na wanao waambie shangazi yao anawapenda. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Kaka naye ana salamu zako, ila ni lile neno moja na umeshalisoma. Nimemuuliza kama anamaanisha uje uoshe vyombo. Amenifinya mkono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.