Dawa Aliyoikataa Baba

Nyumbani,
Nyuma ya soko la mbao,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamepatana na ngazi za hiyo nyumba yenu. Wajukuu hawajambo? Mimi sijambo. Ushonaji unaenda, ila cherehani nimeihamishia chumbani kwa Baba ili niwe karibu naye.

Habari za kwetu si nzuri. Ile saratani ya tezi dume niliyokueleza kwenye simu imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali wamesema hawana tena njia ya kuiondoa, watamsaidia maumivu tu. Baba aliyekuwa akitoka karakana na mlango mzima begani, leo ukigusa shuka lake anapiga kelele.

Muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani alileta chupa ya morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Baba aliposikia jina lake akageukia ukuta.

"Toa hicho kitu chumbani kwangu. Hicho ni ndugu wa kile kilichomuua mwanangu. Na mimi nife teja?"

Unakumbuka kaka yangu mkubwa alivyoingia kwenye unga wa kulevya. Aliuza mpaka randa na misumeno ya Baba, Baba akamfukuza, tukaja kumkuta amekufa kwenye jengo ambalo halijaisha. Basi muuguzi akavuta kigoda akamweleza Baba taratibu. Mtu mwenye maumivu kama yake akinywa kwa kipimo, hawi teja. Atasinzia siku za mwanzo, atafunga choo, na dawa ya kulainisha ipo. Wala kupewa morfini si kuambiwa kwamba kesho unazikwa. Chupa ikabaki juu ya kabati, na yeye akabaki anauma ncha ya mto.

Juzi Mama alikuwa anamgeuza amwogeshe. Baba alilia, Shangazi. Alimwita mama yenu kama mtoto mdogo. Mama akaacha kitambaa ndani ya beseni. Unamjua, si mtu wa kupandisha sauti.

"Mwanangu alikufa sikumsikia akilia," akasema. "Wewe nakusikia. Kunywa, la sivyo natoka nyumba hii na beseni langu."

Baba akafungua mdomo. Akameza, akakunja uso.

"Chungu hivi! Nani atakuwa mlevi wa kitu hiki?"

Nilicheka huku machozi yananitoka.

Alilala mpaka jua likapinduka. Kila mara tulikuwa tunamchungulia kifua tuone kama kinapanda. Alipoamka aliomba uji, kisha akataka tumkalishe. Akakaa, mikono juu ya mapaja, anavitazama vidole vyake. Mara nikaona mabega yanatikisika. Nikamuuliza kama maumivu yamerudi.

"Hapana, yameondoka," akasema. "Kumbe yakiondoka huwa hivi. Sasa yule mwanangu alikuwa anaumwa wapi, Mshonaji? Mbona sikumuuliza?"

Mama alitoka nje na beseni, akakaa huko muda mrefu.

Baadaye Baba akaniambia: "Mwandikie dada yangu. Aliniambia siku ya mazishi ya kaka yako kwamba nilifukuza mgonjwa, nikamwambia asikanyage tena kwangu. Mwambie aje."

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua neno lile lilikukata maini, na sikuombi ulisahau. Lakini Shangazi, maumivu yametulia tu, ugonjwa unaendelea kumla. Amekonda mpaka pete imehamia kidole gumba. Muuguzi anasema tusihesabu miezi. Kwa sasa anaweza kuongea, anamtambua kila anayeingia, na anauliza basi la huko kwenu hufika saa ngapi. Usingoje simu ya msiba.

Mama anakusalimu sana. Amekwisha kukuanikia godoro. Kinyozi, jirani yetu, naye anakuamkia, ndiye anayemnyoa Baba siku hizi bila kumuumiza. Wabusu wajukuu wote kwa niaba yangu.

Mungu akupe wepesi wa moyo na akufikishe salama.

Nikupendaye sana,
mtoto wa kaka yako,
Mshonaji.