Kitambaa cha Mama Shingoni

Mjukuu wangu Achieng',

Huku Karungu tu wazima. Babu yako bado anagombana na kuku wa jirani. Mimi ndiye nisiyetulia. Unauliza kwa nini nakusumbua upimwe damu.

Miaka ya tisini kaka yangu Odhiambo alivimba shingo. Tukadhani ni rovu, tukamlisha chumvi ya madini joto. Daktari wa Homa Bay akakuta saratani ya tezi ya shingo, ile ya kurithi. Akauliza, "Nani mwingine kwenu?"

Tukasema hakuna. Nyumbani, Odhiambo akashusha picha za marehemu mama ukutani. Katika kila moja amejifunga kitambaa shingoni. Tulizoea kumsifu kwa urembo.

Odhiambo alichelewa. Mimi nilipimwa damu, nikatolewa tezi mapema.

Achieng', katika picha uliyotuma juzi umevaa skafu. Ivue, upigwe nyingine leo.

Nyanya yako