Muuguzi Aliyesema Hajui

Bariadi, Jumanne

Mtu wa nne ndiye aliyeniambia ukweli. Tangu chama cha ushirika kimwachishe mume wangu Masanja kazi ya ukarani, halali wala hali. Mganga wa kijiji cha Mwamapalala alitaka ng'ombe. Mhubiri akasema nifunge siku saba. Mwenye duka jipya la dawa alinipa vidonge bila hata kuuliza mgonjwa ana nini.

Leo nilimwonyesha muuguzi wa zahanati vidonge hivyo. Alivitazama, akanirudishia.

"Mayu, mama yangu, nisikudanganye, ugonjwa huu siujui vizuri. Mpeleke hospitali Mwanza. Ila leo muulize kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakutamtia wazo hilo."

Niliogopa, lakini nilimuuliza tulipokuwa tunakula. Masanja akarudisha tonge kwenye sahani.

"Ndiyo," alisema. "Ile dawa ya kupulizia pamba, iondoe humu ndani."

Nimeipeleka kwa kaka yake, na Alhamisi tutasafiri wote watatu. Sijui kama huko watamsaidia. Miaka kumi na minane ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akilia.

Mungu wangu, usiku huu nisisinzie nikimlinda.